UZI MAALUM: Korongo wa kijivu wanaotaga katikati ya London, namna ya kuwaangalia na kuwapiga picha kuanzia Februari mpaka Mei

Mwambao_Kaskazini:

Wakuu salama? Picha za wanyama zinapendwa sana humu jukwaani ila karibu zote ni za mbugani, simba, chui, tembo, na wengi tuliopo huku Uingereza tunaamini mpaka ukate tiketi urudi Serengeti ndo upate kitu cha kupiga. Sio kweli kabisa. Pale Regent's Park, katikati ya London, kwenye visiwa vya lile ziwa la mashua, kuna korongo wa kijivu wanajenga viota juu ya miti kila mwaka, na nyie mnaoswali Ijumaa msikiti mkuu wa Park Road mnapita jirani nao kila wiki bila kujua. Ukitoka msikitini ukaingia bustanini kwa geti la Hanover ni mwendo mfupi tu wa miguu umeshafika ziwani, na lile kuba la dhahabu unaliona juu ya miti ukiwa umesimama hapo hapo unaangalia ndege.

Na huyu sio mgeni kwetu. Ni yule yule tunayemuona kwenye mikoko, kwenye mabwawa na kingo za mito kuanzia Rufiji mpaka Ziwa Victoria, jina la kitaalamu Ardea cinerea. Urefu wake unakaribia mita moja, mabawa akiyakunjua yanafika mita moja na nusu mpaka karibu mbili, lakini uzito ni kilo moja na nusu hivi tu, kwa hiyo usidanganyike na umbo, ni manyoya na mifupa mitupu. Akiruka anaikunja shingo kifuani na miguu inabaki imenyooka nyuma, hapo hata akiwa mbali sana umeshamjua.

Sasa jambo langu kubwa kwenye huu uzi ni moja tu, naomba mlishike: usianze na kamera. Anza na macho. Kila tendo la korongo kiotani lina dalili inayolitangulia, ukizijua hizo dalili utapata picha nzuri hata na kamera ya bei ya chini, na usipozijua utarudi na kadi imejaa picha za ndege amesimama kwa mguu mmoja, zote zinafanana.

Nitaandika kwa vipande maana ni ndefu. Wenye maswali ulizeni tu katikati.

kichwa_ngumu_TZ:

Nimekaa siti ya mbele mkuu, tiririka. Mimi nipo Leicester na lenzi yangu 70-300 inalala tu kabatini toka ninunue.

Mwambao_Kaskazini:

Twende sasa.

Kosa linalowakuta wengi ni kusubiri Mei eti ndo majira ya kuchipua yamekolea, maua kila mahali, hali ya hewa poa. Ukienda Mei pale utakuta majani yamefunika kila kitu, utasikia makelele juu lakini kuona ni shida. Korongo ni ndege wa mapema sana, kwa London baadhi ya jozi zinarudi kwenye viota hata Januari wakati sisi bado tuna makoti mazito, Februari wengi wameshaanza shughuli, na mwisho wa Machi kuna viota vina vifaranga tayari. Kwa hiyo dirisha la kuona vizuri ni Februari mpaka katikati ya Aprili, miti ikiwa tupu, kiota kinaonekana chote toka chini mpaka juu.

Kwanini wanawahi hivyo? Chakula. Vyura wa huku wanatoka kwenda madimbwini kutaga Februari na Machi, maji yakianza kupata joto samaki nao wanachangamka na kusogea kwenye kina kifupi, sasa korongo anapiga hesabu zake ili vifaranga wafikie umri wa kula sana wakati huo huo mawindo yamekuwa mengi. Yai linaatamiwa siku 25 au 26 hivi, kifaranga anakaa kiotani wiki saba mpaka nane, ukijumlisha unaona kabisa kwanini hawezi kusubiri Mei.

Dume ndo anatangulia. Anashika kiota, mara nyingi cha zamani maana wanavitumia mwaka hadi mwaka na kila mwaka wanaongeza vijiti mpaka kinakuwa jitu la upana wa meza, halafu anasimama juu yake anajitangaza. Wakati huu mdomo unabadilika kutoka njano ya kawaida unakuwa na rangi ya machungwa, wengine hadi waridi, na miguu nayo inapata wekundu. Hiyo rangi ni ya muda mfupi, jozi wakishatulia na kutaga inafifia. Ukitaka picha ya korongo mwenye mdomo wa rangi ya moto wahi Februari hiyo.

Dalili ya kwanza ya kuijua: akinyoosha shingo taratibu kwenda juu mpaka mdomo unaelekea mbinguni, usipige hapo tu ukashusha kamera, endelea kushika, maana baada ya kufika juu atairudisha shingo nyuma kuelekea mgongoni huku anakunja miguu, na yale manyoya marefu ya kifuani yanamwagika yote mbele. Hapo ndo picha ilipo. Ya pili, anainamisha kichwa mbele na chini na kuugonganisha mdomo, unasikia "tak!" hata toka ng'ambo ya maji. Ukisikia tak moja jiandae, mara nyingi anarudia.

binti_wa_Tanga:

Jamani mkuu unaandika mpaka mtu anaona. Swali, jike na dume unawatofautishaje? Maana mimi naona wote sawa.

Mwambao_Kaskazini:

Dada kwa rangi huwatofautishi, wanafanana. Utawajua kwa kazi. Kipindi cha kujenga, dume ndo anakwenda kuleta vijiti na jike anabaki kiotani kupanga. Kwa hiyo anayefika na kijiti mdomoni ni dume, anayekipokea ni jike.

Na hicho kipengele cha kijiti ngoja nikieleze vizuri maana kwangu ndo kitu kizuri kuliko vyote pale. Dume anatoka, unamfuata kwa macho, anatua kwenye mti wa jirani au kando ya maji anachagua, anavunja kitawi kikavu kwa mdomo, kingine anakijaribu kinakataa anakiacha, anakwenda kingine. Akikipata anageuza kichwa mpaka kijiti kikae sawa kwa upana mdomoni ndo anaruka. Sasa jike kiotani anamuona mbali kabla yako. Anasimama, anasimamisha kile kishungi cheusi cha kichwani, manyoya ya shingo yanatanuka, anatoa mlio mkavu wa kukwaruza. Ukiona jike amesimama ghafla na kishungi kimepanda, kamera iwe imeshafika jichoni, una sekunde chache tu. Dume anatua, anayumba kidogo mabawa yakiwa wazi, wanagongana midomo, jike anakipokea kijiti taratibu kabisa, kisha anakiinamisha na kukichomeka kwenye kiota huku kichwa kinatetemeka, anakichomoa anakichomeka pengine mpaka aridhike. Wakati huo dume bado amesimama pembeni anamwangalia.

Angalia na viota vya jirani. Kiota kikiachwa wazi dakika kadhaa, jirani anakuja kuchomoa vijiti anapeleka kwake. Ugomvi unaotokea mwenyewe akirudi ni mkubwa, shingo zimenyooka, midomo wazi, na hizo picha zinavutia sana kwa sababu mabawa yote yanakuwa yamekunjuka.

Fundi_Mwanga:

Mkuu gusia mipangilio ya kamera, maana anga la London jeupe kama karatasi na ndege kijivu, mimi kila nikipiga ndege anatoka mweusi tii.

Mwambao_Kaskazini:

Fundi hilo ndo tatizo namba moja pale. Kamera inaona anga jeupe linang'aa inadhani picha nzima imezidi mwanga, inapunguza, ndege anakuwa kivuli. Ndege akiwa na anga nyuma yake ongeza fidia ya mwanga, anzia pointi moja juu, kama mawingu ni meupe sana nenda moja na nusu, anga likiungua liache liungue. Lakini akishuka akaruka mbele ya miti yenye giza au juu ya maji ya kivuli, geuza, punguza, kwa sababu utosi wake mweupe na shingo vitaungua mara moja na manyoya hayarudi hata uwe fundi wa kuedit kiasi gani. Hii kubadilisha badilisha inachosha ndo maana mimi napendelea kuweka kila kitu kwa mkono, napima mwanga kwenye ndege mwenyewe aliyetulia, nikishapata namba sahihi siigusi mpaka jua libadilike. Hapo akiruka mbele ya anga au mbele ya mti yeye mwanga wake ni ule ule.

Shata (muda kamera inaoacha mwanga uingie, kwa sehemu za sekunde): akiwa amesimama 1/500 inatosha, akipokea kijiti au kulisha nenda 1/1000, akiruka au kutua 1/1600 mpaka 1/2000. Korongo anapiga mabawa polepole kwa hiyo watu wanaidharau shata, ila ncha za mabawa zinakwenda kasi sana. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) usiogope kuipandisha, asubuhi ya Februari mwanga mdogo, afadhali picha yenye chengachenga kuliko picha iliyotikisika.

Fokasi weka ile ya kufuatilia mfululizo. Kamera mpya zenye kutambua jicho la ndege zinasaidia sana akiwa peke yake, ila kwenye kiota kuna matawi mengi mbele na kamera inashika tawi, hapo tumia pointi moja ndogo ya katikati uiweke kichwani.

Lenzi: milimita 400 ndo pazuri pa kuanzia kwa sababu visiwa viko ng'ambo ya maji na huwezi kusogea. Ila kichwa_ngumu na 70-300 yako, kama kamera ni ya sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ni kama una milimita 450 hivi, inatosha kabisa kwa ndege anayeingia na kutoka na kwa picha pana ya koloni zima, viota vingi kwenye mti mmoja. Picha pana zinapuuzwa, kila mtu anataka jicho la ndege limejaa fremu, wakati ile ya mti mzima na viota vyake na ndege kila mmoja na shughuli yake inaeleza koloni ni nini.

Jaluo_wa_Nyanza:

Boss hapa kwetu Kisumu pia tuko na makazi ya ndege kama hao karibu na ziwa, wanakuja wengi mvua za masika zikianza, Aprili na Mei hivi, korongo wa kila aina, yangeyange, mnandi, wote miti moja. Kelele na harufu ya samaki ndio inakuambia umefika. Lakini sisi hatuna hiyo springi yenu.

Mwambao_Kaskazini:

Umenikumbusha kitu muhimu kaka. Ndege ni yule yule, saa yake tu inatofautiana. Huku anafuata joto na urefu wa mchana, kwenu anafuata mvua, kwa sababu mvua ndo inafurisha kingo za ziwa na mabwawa, vyura na samaki wadogo wanajaa. Ukiwa Kisumu ukapiga picha hizo hizo za kijiti na kulisha, tabia utakazoziona ni zile zile.

Na kwa mlioko miji ya bara, yule korongo mwenye kichwa cheusi anayetembea mashambani na viwanjani mbali na maji naye anataga kwenye miti mikubwa ya mjini kwa makundi. Hamhitaji kwenda popote, angalieni miti ya karibu nanyi mvua zikikaribia.

Mama_Yusra:

Assalam aleikum. Mwanangu mimi nakaa huko huko karibu na Edgware Road na nina wajukuu wawili, sina kamera, nina simu tu na darubini ya marehemu mume wangu. Niwapeleke?

Mwambao_Kaskazini:

Waaleikum salaam shikamoo mama. Wapeleke tena usisite, na hiyo darubini ndo kitu bora kuliko kamera kwa watoto. Bustani inafunguliwa saa kumi na moja alfajiri ila kwa watoto nenda saa tatu au nne asubuhi ndege wanakuwa bado wana shughuli nyingi, haina kiingilio, njia ni ya lami hata kigari cha mtoto kinapita. Miaka hii Ramadhani imeangukia kwenye msimu huu huu, ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo hata ule muda wa alasiri kabla ya kufuturu ni mzuri wa kutembea pale, jua limeshuka, mwanga laini.

Simu nayo inafaa. Mtu mmoja ashike darubini aiegemeze kwenye uzio au mgongo wa benchi isitikisike, mwingine aweke jicho la kamera ya simu katikati kabisa ya kioo cha kuangalizia, asogeze taratibu mpaka duara jeusi lipotee, kisha zuumu kidogo. Video inatoka vizuri kuliko picha.

Waambie wajukuu waangalie chini pia, ukingoni mwa maji. Machi mayai yakianguliwa wazazi wanatupa maganda nje ya kiota, ni ya bluu yenye ukijani mpauko, rangi nzuri mno. Wakiona ganda wajue juu kuna mtoto mpya. Waliangalie tu waliache.

kichwa_ngumu_TZ:

Mkuu ulisema kulisha, hapo bado hujagusa.

Mwambao_Kaskazini:

Haya kulisha. Kwanza ujue jike anataga mayai matatu mpaka matano, kila baada ya siku mbili hivi, na wanaanza kuatamia toka la kwanza. Maana yake vifaranga hawazaliwi siku moja, wa kwanza anaweza kumtangulia wa mwisho kwa wiki nzima, kwa hiyo ndani ya kiota kimoja utakuta mkubwa na kadogo kabisa. Msimu ukiwa na chakula wote wanapona, ukiwa mbaya yule mdogo anakosa na anakufa. Inauma kuangalia lakini ndo ilivyo, mtu asije akapiga simu bustanini kuomba wapande mtini.

Wiki za kwanza huoni kitu zaidi ya mzazi amelala kiotani. Dalili kwamba mayai yameanguliwa ni mzazi kuanza kusimama mara kwa mara na kuingiza kichwa chini ndani ya kiota, anawatapikia chakula kilichosagika nusu. Baada ya hapo unasikia kabla hujaona, mlio wa haraka haraka "kekekekeke" usiokatika. Siku chache mbele vichwa vinatokea ukingoni, manyoya yamesimama wima kila upande, macho ya njano makali.

Wakishakuwa wakubwa kidogo mchezo unabadilika. Mzazi anatua, lakini halishi hapo hapo, anasimama pembeni ya kiota anameza meza mate, shingo inacheza juu chini. Hiyo shingo kucheza ndo dalili, anapandisha samaki toka tumboni. Vifaranga wanajua, wanamrukia, mmoja anaubana mdomo wa mzazi kwa upana na mdomo wake kama mkasi na kuuvuta chini, mzazi anatikiswa kichwa chote, wengine wanapanda juu ya mwenzao, halafu samaki anatoka, mara anadakwa hewani, mara anaangukia kiotani wanagombania mkia na kichwa. Yote inaisha chini ya dakika moja, mzazi anaondoka haraka kwa sababu wakibaki na njaa wanaendelea kumkaba. Ukianza kupiga ulipoona mdomo umebanwa umeshachelewa, anza kwenye shingo kucheza.

Baina ya malisho ni kusubiri. Inaweza kuwa saa na zaidi hakuna kinachotokea. Hapo ndo uangalie anavyojichana: kucha ya kidole cha kati ina meno meno kama kitana, na kifuani ana manyoya yanayosagika yanakuwa unga, anajipaka ule unga kwenye manyoya yaliyochafuka kwa ute wa mikunga kisha anauchana na kucha. Akiinua mguu mmoja kuelekea shingoni, subiri.

Mzee_wa_Pwani_Vancouver:

Hongera sana mleta uzi. Sisi huku Kanada tuna ndugu yake, korongo mkubwa wa bluu, Ardea herodias. Hapa Vancouver wapo Stanley Park, tangu 2001 wanataga kwenye miti ya Beach Avenue pembeni kabisa ya viwanja vya tenisi, watu wanacheza chini na ndege wanalisha juu. Wanarudi Machi. Na hawa wa pwani yetu hawahami, wapo mwaka mzima. Bustani wamefunga kamera inayoonyesha viota moja kwa moja mtandaoni, yeyote popote alipo anaweza kuangalia, na mashina ya miti wameyazungushia mabati ili rakuni wasipande kula mayai. Adui mwingine ni tai wa kichwa cheupe, akipita koloni zima linapiga kelele kwa pamoja.

Mwambao_Kaskazini:

Mzee asante sana, hiyo kamera ya mtandaoni nawashauri wote muitumie kama shule kabla ya kwenda, tabia za kupokea kijiti na kulisha zinakaribiana mno na za huku, ukiangalia jioni mbili tatu unakwenda ziwani umeshazijua dalili zote.

Kwa London adui mkubwa ni kunguru. Na hapa naomba niseme kwa uzito. Kunguru hana uwezo wa kumtoa korongo kiotani, anachosubiri ni korongo aondoke mwenyewe. Na anayemuondoa ni nani? Ni mtu. Mtu anayekodi mashua anapiga makasia mpaka chini ya mti, anayepiga makofi ili ndege aruke apate picha ya mabawa, anayerusha mkate. Korongo akinyanyuka dakika mbili tu Februari au Machi, kunguru anashuka anachukua yai, na kama hakuna kunguru basi baridi inamaliza kazi.

Dalili za kwamba unamsumbua ziko wazi: anaacha alichokuwa anafanya, anasimama wima, shingo imenyooka nyembamba ndefu, anakukazia macho wewe. Ukiona hivyo rudi nyuma sasa hivi, usisubiri akae sawa. Baki kwenye njia, usivae mavazi ya kung'aa, usiwe na haraka. Wa pale wameshawazoea watu wanaopita njiani kwa hiyo ukisimama njiani ulipo unakuwa sehemu ya mandhari, wanaendelea na mambo yao na wewe unapata picha za kweli.

Fundi_Mwanga:

Kweli mkuu. Mwaka jana kwenye bustani moja (siitaji) kuna jamaa alirusha droni juu ya kisiwa, ndege wote wakanyanyuka, viota vikabaki wazi. Nilimfuata nikamwambia ashushe akasema ni ndege tu. Niliumia sana. Hivi sheria inasemaje?

Mwambao_Kaskazini:

Ulifanya vizuri kumwambia. Bustani za kifalme zote ikiwemo Regent's Park haziruhusu droni, ukiona mtu anarusha waite walinzi wa bustani au polisi. Sheria ya nchi ni ya 1981, Wildlife and Countryside Act, ndege wote wa porini wanalindwa, ni kosa kuharibu kiota kinachojengwa au kinachotumika na ni kosa kuchukua mayai. Kuna orodha ya ndege wenye ulinzi wa ziada ambao hata kuwasumbua tu kiotani ni kosa, mdiria yumo, na kumpiga picha kiotani unahitaji kibali. Korongo wa kijivu hayumo kwenye hiyo orodha ya ziada kwa hiyo kumpiga picha toka njiani huhitaji kibali chochote. Lakini kutokuwemo kwenye orodha isiwe ruhusa ya kumchokoza.

Na hawa ndege wamepita mengi. Uingereza inahesabu viota vya korongo toka 1928, ndo hesabu ya ndege wanaotaga iliyodumu muda mrefu kuliko zote duniani, sasa inasimamiwa na BTO (British Trust for Ornithology, shirika la utafiti wa ndege) na kazi kubwa inafanywa na watu wa kujitolea wanaokwenda na daftari kuhesabu viota kila springi. Kwa sababu ya hizo hesabu tunajua kile kipupwe cha 1962 kuingia 1963, maji yalipoganda wiki na wiki, kiliwapunguza vibaya mno kwa njaa, kisha wakapanda tena taratibu miaka iliyofuata. Yani yule mtu wa daftari ametusaidia kuliko sisi wote wenye lenzi. Kama una moyo, piga picha zako lakini pia andika, tarehe, kiota cha ngapi kutoka kushoto, kina ndege mmoja au wawili, umeona vifaranga au bado. Hesabu zinapokelewa hata kwa asiye mtaalamu.

binti_wa_Tanga:

Mkuu mimi nilienda wikiendi hii baada ya kusoma uzi! Nimeona kijiti kikipokelewa kama ulivyosema, kishungi kikapanda kwanza. Nilitetemeka mpaka picha nyingi zimetoka hovyo lakini mbili ziko safi. Pia kuna ndege weupe wadogo nao wamo, nao ni korongo?

Mwambao_Kaskazini:

Dada umenifurahisha sana, tupia hizo mbili hapa tuone!

Weupe wadogo wenye mdomo mweusi na vidole vya njano ni yangeyange wa majini, nao ni wale wale wa kwetu, Egretta garzetta. Ni wageni kwa nchi hii, mara ya kwanza kutaga Uingereza ilikuwa 1996 kisiwa cha Brownsea huko Dorset, sasa wameenea. Wanapenda kutaga ndani ya koloni la korongo lakini wao wanachelewa kidogo, kwa hiyo ukiwakosa Machi rudi Aprili na Mei. Kwa picha ni wagumu, weupe wote, punguza mwanga kabisa usiongeze.

kichwa_ngumu_TZ:

Mkuu mwisho, mimi nashuka London Jumamosi moja tu. Regent's Park au kuna kwingine kuzuri zaidi?

Mwambao_Kaskazini:

Kama ni mara ya kwanza Regent's Park, shuka Baker Street tembea kidogo, viota viko karibu na lenzi yako ya 300 itatosha. Fika jua linachomoza, chagua upande wa ziwa ambao jua liko mgongoni kwako, baadaye likizunguka hama upande.

Battersea Park nako wanataga, kwenye ziwa, pako tulivu kidogo. Ukipata 500 au 600 nenda Walthamstow Wetlands, shuka Tottenham Hale, yale ni mabwawa ya maji ya kunywa ya jiji yaliyofunguliwa kwa watu wote 2017, bure, kuna koloni kubwa kwenye visiwa pamoja na mnandi na yangeyange ila viko mbali na ufukwe. Wenye gari wafike Northward Hill kule Kent, moja ya makoloni makubwa kabisa ya nchi, huko ni mambo ya darubini ya miguu mitatu na unaangalia toka sehemu zilizotengwa tu.

Beba betri ya akiba iweke mfuko wa ndani karibu na mwili maana baridi inazimaliza, na soksi nzito. Ukifika niandikie PM, Jumamosi asubuhi nikiwa mjini huwa nipo upande wa geti la Hanover.